Shajara ya Siagi ya Karanga

Jumatatu, 2 Juni

Oda za sare za shule hazijaanza kuingia. Cherehani imekaa bure tangu katikati ya Mei, na kodi ya kibanda haisubiri. Mwezi huu nataka kujua jambo moja kwa uhakika: je, siagi ya karanga inaweza kunilisha miezi ambayo mshono umelala?

Wazo linavutia likitazamwa juu juu. Hapa Dodoma tumezungukwa na wakulima wa karanga: Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 watumishi wameongezeka mjini, wengi wanaanza siku kwa mkate na chai. Karanga ziko hapa, mlaji yuko hapa. Lakini jambo likiwa rahisi hivyo, mbona wengi walioanza wameacha? Nimenunua daftari. Kila shilingi itaandikwa, hata ya kiberiti.

Leo nimenunua kilo 2 za karanga sokoni kwa 3,500 kila kilo. Nilipofika mtaani nikazipima kwenye mizani ya duka la jirani, yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Zilikuwa kilo moja na gramu 850. Maana yake kilo moja imenigharimu karibu 3,800. Nimeandika hiyo.

Jumanne, 3 Juni

Nimekaanga karanga kwa moto mdogo wa mkaa, nikazisugua viganjani zitoke maganda, nikapepeta kwa ungo uani. Upepo wa Juni ulibeba yale maganda mekundu hadi kwenye kamba ya nguo ya jirani, alikokuwa ameanika mashuka meupe. Amefua upya. Nimempelekea kipande cha sabuni, 1,500, kimeingia daftarini.

Jioni nilisaga kwa blenda ya wifi. Karanga kavu kwanza huwa unga, kisha hugeuka donge zito, ndipo mafuta yatoke na kulainika. Mota ya blenda ilifika kwenye donge ikanuka, ikatoa moshi, ikazima. Fundi anataka 25,000 kuifunga upya. Wifi amesema, "Hamna shida, dada," kwa sauti ndogo. Nimeandika 25,000.

Jumatano, 4 Juni

Nilipeleka karanga zilizobaki kwenye mashine ya mtaa wa pili, wanakosaga lishe ya watoto. Kusaga kilo ni 500. Siagi ilitoka laini, rangi nzuri, lakini ilinuka dagaa, kwa kuwa lishe ya watoto inasagwa na dagaa ndani yake na kabla yangu alikuwa mama mmoja na ndoo nzima. Kijana wa mashine alisema wateja wengine hawajali. Mwanangu mdogo alionja akauliza kama ni mboga. Tumeila na ugali, na ililika vizuri.

Kumbe mashine ndiyo ya kutafuta kwanza. Mashine ndogo ya karanga tu niliyoulizia bei ni 850,000, na siinunui kwa wazo ambalo bado halijapimwa.

Ijumaa, 6 Juni

Leo tulikuwa na kikoba. Nilipitisha siagi nzuri, niliyosagiwa na kikundi cha akina mama wenye mashine ya karanga peke yake, 1,000 kwa kilo. Ni ghali mara mbili, lakini mashine yao huoshwa na kukaushwa. Wote waliokuwepo waliisifu. Mmoja alisema niache hata cherehani. Waliojiandikisha kuchukua walikuwa 14, wengine chupa mbili mbili.

Mwenyekiti wetu, ambaye ameuza mitumba miaka mingi, alinivuta pembeni akasema, "Mdogo wangu, anayesifu hajanunua. Waambie watoe hela leo." Niliwaambia. Waliotoa ni 3. Waliobaki walisema mwisho wa mwezi, wawili wakasema waume zao hawapendi karanga.

Nimefuta 14, nimeandika 3.

Jumanne, 10 Juni

Vifuniko vimefika kwa basi kutoka Dar es Salaam, 50 kamili, ila ni vya chupa za lita moja. Chupa zangu ni za gramu 400. Muuzaji amekubali kubadilisha nikilipia mzigo kwenda na kurudi. Nimelipia. Mtoto amevipanga sakafuni anacheza navyo kama magari hadi basi la kesho litakapoondoka.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda SIDO. Shirika hilo lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa viwanda vidogo, na ofisa aliyenipokea alikuwa na subira. Alieleza hatua kwa utaratibu: jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya halmashauri, na kwa kuwa ni chakula, alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS. Mjasiriamali mdogo akienda TBS na barua ya SIDO, miaka 3 ya mwanzo hatozwi kwa alama hiyo. Hilo nilikuwa silijui, na kwa mtu wa mtaji wangu ni kubwa.

Halafu akauliza, "Mama, unatengenezea wapi?" Nikasema jikoni kwangu. Akasema jikoni pa familia hapapiti. Kinatakiwa chumba chake, chenye dari, sakafu inayooshwa, nyavu madirishani, na wote wanaoshika chakula wapimwe afya. Nimeondoka na karatasi mbili za mahitaji. Dari ya stoo yetu inavuja. Nimemweleza baba watoto, akaiangalia akasema bati mbili na siku moja ya kazi. Tumeandika bati mbili.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimejifunza kuliko siku zote za mwezi huu, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Nimenunua kilo 10 kwa muuzaji mwingine, mwenye mizani inayosema kweli. Nilizimwaga kwenye mkeka barazani, mimi na mama mkwe tukazichambua punje kwa punje tangu asubuhi hadi adhuhuri imepita mbali. Mama mkwe amelima karanga Mpwapwa maisha yake yote. Macho yake hayaoni mbali siku hizi, lakini vidole vyake vinajua. Zilizosinyaa aliziweka upande wake. Zenye doa jeusi, zilizotobolewa, zilizopoteza rangi ya ngozi, zilizochanika, zote upande wake. Kisha akachukua moja iliyoonekana nzima, nono, akaipasua kwa ukucha. Katikati ya yale mapande mawili kulikuwa na utando wa kijivu, mwembamba kama buibui ameanza kusuka. Akasema, "Hii ukiisaga, nani ataiona?"

Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, si hadithi kwetu. Mwaka 2016 watu waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, Chemba, Kondoa hadi Kiteto, na karibu 20 wakafa. Kenya mwaka 2004 ilizika zaidi ya watu 100 kwa sababu hiyo hiyo, na mapema mwaka 2019 shirika lao la viwango lilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga zilizozidi kipimo. Kipimo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu yote, na 5 kwa ile aina ya B1 iliyo kali kuliko zote. Ni kiasi ambacho hakionekani, hakinuki, na moto wa kikaango haukimalizi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka anaharibu ini. Na siagi ya karanga wanaipenda watoto.

Kinachotuliza moyo ni kwamba sumu haikai sawasawa kwenye gunia. Hujilundika kwenye punje chache, nyingi kati yake zikiwa hizo zilizosinyaa na kubadilika rangi. Mtu mwenye macho, mkeka na muda anaweza kuondoa sehemu kubwa ya hatari kwa mikono yake. Kuchambua hakuondoi haja ya kipimo cha maabara, lakini bila kuchambua hata maabara itakukatalia.

Tulizoziondoa tulizipima: kilo moja na robo. Katika kilo 10.

Jumatatu, 16 Juni

Nilirudi sokoni kulipa salio. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akaniuliza, "Shangazi, zile ulizotoa umezipeleka wapi? Niletee, nakupa 1,500 kwa kilo." Nikamuuliza zinakwenda wapi. Akasema wapo wanaozichukua wakazisage, zikishakuwa unga au siagi hazijulikani. Alisema wazi kabisa, hana habari kwamba kuna ubaya.

Nikakaa pale kwenye gunia nikamweleza habari za Kondoa na Kiteto. Alisikiliza. Akasema kumbe ndiyo maana mama yake haruhusu watoto watafune zile ndogo ndogo.

Zangu zilikuwa bado kwenye mfuko nyumbani. Jirani alikuwa ameziomba za kuku, nikamweleza kuwa kuku nao zinawadhuru. Tumezichoma shimoni. Zilitoa moshi mwingi na mashuka ya jirani yalikuwa tena kambani. Nimenunua sabuni nyingine.

Jumatano, 18 Juni

Mama mmoja wa kikoba amenirudishia chupa. Anasema imeharibika, imetoa mafuta juu. Siagi ya karanga tupu hufanya hivyo ikikaa; zile za viwandani hazifanyi kwa sababu mara nyingi huwekewa mafuta mengine yaliyogandishwa ili zishikane. Nilikoroga mbele yake kwa kijiko, ikarudi kama mwanzo. Hakuamini. Nimemrudishia 5,000 yake. Lebo mpya itakuwa na maneno: Koroga kabla ya kula. Lebo za zamani 40 zimebaki bila kazi, mtoto anachorea nyuma yake.

Ijumaa, 20 Juni

Shemeji mwenye bajaji alinipeleka Mtumba, Mji wa Serikali, nikajaribu kuuza maofisini. Getini wachuuzi hawaruhusiwi, na ni haki yao. Nilisimama kivulini ng'ambo ya barabara hadi saa za chakula cha mchana. Mlinzi ndiye aliyenunua ya kwanza. Baadaye walitoka akina dada watatu, mmoja akasoma lebo kwa makini akauliza, "Mama, karanga zenu mnazichambua?" Nilimweleza yote, mkeka, mama mkwe, kilo moja na robo iliyochomwa. Alinunua chupa mbili kwa 5,500 kila moja bila kuomba kupunguziwa, akachukua namba yangu.

Mwenye duka mmoja, niliyempitia nikirudi, alisema atachukua kwa 4,000 na kulipa zikiisha. Hakuuliza chochote kuhusu karanga.

Jioni umeme wa LUKU uliisha nikiwa nimeanza kubandika lebo. Nimebandika kwa tochi ya simu. Nilipomaliza nimeona 6 zimekaa upande.

Jumatatu, 23 Juni

Wifi amesema tuunde kikundi tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu. Hauna riba. Nimemwambia tusubiri. Mkopo usio na riba bado unarudishwa, na sijui bado kama chupa moja inabaki na kitu. Blenda yake imepona.

Jumatano, 25 Juni

Kongwa kwa shangazi. Nilitaka kuona karanga zinavyotoka shambani, nikaona kinachoziharibu. Majirani zake wanaobangua kwa mikono hulowesha maganda kwanza, maana yakiwa makavu yanachubua vidole. Karanga zikibanguliwa zina unyevu, zinatiwa kwenye gunia hivyo hivyo, na ndani ya gunia ukungu unapata kila unachohitaji. Mnunuzi naye hakatai, kwa kuwa maji yanaongeza uzito. Vidole vya mama wa watu vinauma kweli, simlaumu. Bei ya karanga zilizobanguliwa kavu haipo, nani atajiumiza bure?

Shangazi ana mashine ya mkono ya kubangua aliyoachiwa na kikundi chao cha zamani. Inabangua kavu. Ameniuzia kilo 10 za mbegu ya Pendo, ile ya watafiti wa Naliendele, zilizokauka vizuri kwenye turubai na si ardhini. Nimezilipia 3,800 kwa kilo, 300 juu ya bei ya soko. Basi la kurudi lilipasuka tairi karibu na Mbande. Nilikaa kando ya barabara na mfuko mapajani, nikaanza kuchambua hapo hapo. Abiria wawili walinisaidia.

Alhamisi, 26 Juni

Zilizoondolewa kwenye karanga za shangazi ni robo tatu ya kilo. Za soko zilikuwa kilo moja na robo. Tofauti hiyo ya nusu kilo na saa kadhaa za mama mkwe inalipa sehemu kubwa ya zile 3,000 nilizoongeza.

Sasa hesabu, kwa karanga za soko, kilo 10, chupa 19 za gramu 400 baada ya kuchambua, kukaanga, kupepeta na kile kinachobaki ndani ya mashine. Karanga 35,000. Mkaa 3,000. Kusaga kilo 8, 8,000. Chupa na vifuniko vyake, 11,400. Lebo 1,900. Chumvi 200. Usafiri 4,500. Jumla 64,000, yaani chupa moja inasimama karibu 3,370 kabla mtu hajajilipa.

Nikimpa wa dukani kwa 4,000, napata 76,000. Zinabaki 12,000 kwa siku mbili za kazi, za kwangu na za mama mkwe, na bado dukani nadai. Msimu wa sare nashona mashati manne kwa siku, 5,000 kila moja. Kwa njia ya duka, biashara hii haifai, na sasa naelewa kwa nini wengi wameacha.

Nikiuza mwenyewe kwa 5,500, napata 104,500. Zinabaki 40,500. Toa siku ya kupeleka, toa nauli ya Mtumba, bado inafaa kwa mwezi ambao cherehani imelala.

Kisha nikafanya hesabu nyingine ambayo imenikosesha usingizi. Mtu asiyechambua anapata chupa 2 na zaidi juu ya zangu kutoka kilo zile zile, na anaokoa siku nzima. Anaweza kuuza kwa 4,000 akapata faida, chupa yake na yangu zikiwa pamoja kwenye rafu, rangi moja, ladha moja. Bei ya chini sokoni inalipwa na ini la mtoto wa mtu. Naandika hivyo bila kupunguza neno.

Jumatatu, 30 Juni

Yule dada wa Mtumba amepiga. Ameongea na wenzake, wanataka, na watalipa kabla. Nimewaambia bei ni 5,500 na sababu yake. Mpaka saa 10 jioni waliokuwa wametuma fedha kwa simu ni 11. Mmoja ametuma mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika. Nimemrudishia ya pili, na ada ya kutuma imekuwa yangu.

Oda za sare zimeanza. Sketi 6 leo.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeamua. Naanza baada ya shule kufunguliwa, sare zikishapungua. Sinunui mashine, nasagisha kwa wale akina mama. Sikopi. Sipeleki dukani. Karanga ni za shangazi, zilizobanguliwa kavu, na nimeahidi kumlipa zaidi ya bei ya soko kila msimu ili na majirani zake waone kuna faida ya kuacha maji. Stoo imeezekwa bati mbili, ingawa fundi alizipigilia kabla ya kukata na moja imezidi hadi upande wa jirani. Barua ya SIDO iko kwenye bahasha. Sampuli ya kwanza itakwenda kupimwa sumukuvu kabla chupa ya kwanza haijatoka, na wale 11 wamekubali kusubiri majibu.

Ukinunua siagi ya karanga popote, dukani, sokoni au kwa jirani, muulize muuzaji punje mbovu alizitoa ngapi na amezipeleka wapi. Akikosa jibu, usimnunulie mtoto.